UZI: Namna ya kuwaona ndege wadogo wa chini ya msitu kule Amani (kwa waliokwenda wakarudi wakisema msitu ni mtupu)

Mtoto wa Muheza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mwenzetu kwenye uzi wa utalii wa ndani alilalamika kwamba amekaa siku mbili kwenye hifadhi ya msitu ya Amani, kiingilio kalipa, kilima cha Mbomole kapanda na kushuka, na ndege pekee waliomtokea ni hondohondo wanaopiga makelele juu ya miti. "Msitu mtupu ule," akaandika. Maneno yale yamenikaa moyoni wiki nzima, kwa sababu mwaka 2014 niliyasema mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kisiki kando ya njia ya Kwamkoro, shati limelowa, darubini inaning'inia shingoni tangu alfajiri na sijaitumia hata mara moja. Mimi ni mzaliwa wa Muheza. Milima ile ya Usambara Mashariki naiona tangu nipate akili. Lakini waliomo ndani yake nilikuwa siwajui.

Tangu hapo nimepanda Amani kila nilipopata nafasi, na nataka niandike nilichojifunza, hasa kuhusu wale wadogo wa ghorofa ya chini, wanaoishi kuanzia kwenye majani makavu ya ardhini mpaka urefu wa mtu mmoja na nusu hivi. Wa juu ya miti wana uzi wao siku nyingine.

Tuelewane kwanza kwa nini hawaonekani. Ukiingia msituni asubuhi, mwanga haukujii kama shambani. Unadondoka madoa madoa. Jicho lako linavutwa na yale madoa, na ndege amekaa kwenye giza lililo katikati. Ana urefu wa sentimita kumi na mbili au kumi na tatu, rangi yake kahawia au kijani iliyofifia, na ametulia. Yeye anakuona vizuri kabisa. Kurumbiza wa msituni na jamaa zake wana macho makubwa ukilinganisha na kichwa, ndiyo maana huanza kuimba na kutafuta chakula wakati wewe bado huwezi kusoma saa ya mkononi.

Kwa hiyo kosa la kwanza, ambalo mimi nililifanya miaka miwili mfululizo, ni kutembea. Tunatembea msituni kama tunawahi basi. Kila hatua inavunja kijiti, na kila kijiti kikivunjika, eneo lote mbele yako linanyamaza. Ukifika, kweli ni patupu. Umepafanya patupu wewe.

Chagua mahali pamoja. Mimi hupenda pale njia inapokata kijito, au pale mti mkubwa umeanguka na vichaka vimeota kwenye pengo. Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, egemea mti ili umbo lako lisijitenge na shina, halafu kaa dakika arobaini. Dakika kumi za kwanza hutaona kitu. Dakika ya kumi na tano utasikia kitu kidogo kinakwaruza majani makavu upande wa kushoto, na kwa kawaida utadhani ni panya. Usigeuke haraka.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza.

---

Kibao cha Korogwe

Nimeweka kambi hapa mkuu. Swali moja tu: darubini gani? Nimeona za bei chee mjini zimeandikwa 20x50, muuzaji anasema hiyo ndiyo kali kuliko zote.

---

Mtoto wa Muheza

Kibao, usinunue hiyo kwa ajili ya msituni, nakusihi. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. 20x50 inakupa milimita 2.5, na chini ya miti utaona giza linalotetemeka. 8x42 inakupa zaidi ya milimita 5, na eneo unaloliona ni pana, kwa hiyo ndege akiruka hatua moja hujampoteza. Angalia pia kama inaweza kuona kitu kilicho karibu, mita mbili au tatu. Ndege wa chini ya msitu wakikuzoea wanakuja karibu kiasi hicho.

Na namna ya kuishika: ukiona kitu kimetikisika, usishushe macho kutafuta darubini. Macho yabaki palepale kwenye tawi, darubini ndiyo ipande mpaka ikutane nayo. Jizoeze nyumbani kwa shomoro wa ukutani. Nilifanya hivyo mwezi mzima, jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu juu ya bati.

Lakini mkuu, darubini ni ya pili. Ya kwanza ni sikio. Ndege wengi ninaowaona pale nimewasikia kwanza. Forest batisi, kwa mfano, kadogo keusi na keupe kenye jicho jekundu, kanapiga filimbi moja moja, ndefu, polepole, kama mtu anayeita mbwa na hana haraka. Ukiijua hiyo filimbi unajua uangalie usawa wa kichwa chako au juu kidogo. Bila filimbi utapita chini yake mara mia.

---

Gede Asubuhi

Hujambo ndugu Mtoto wa Muheza. Mimi niko huku Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nimefurahi kuuona uzi huu kwa sababu sisi na nyinyi tuna ndege wa pamoja. Chozi wa Amani, ijapokuwa amepewa jina la kwenu, huku kwetu anaonekana pia, juu kwenye miti. Na yule pipiti wa Sokoke anayetembea chini kwenye majani makavu yuko huku na yuko kwenu kwenye misitu ya chini ya Usambara. Hata bundi mdogo wa Sokoke, ambaye huenda akatosha kwenye kiganja, ana ndugu zake huko kwenu kwenye vilima vya chini.

Ninataka kuongeza jambo moja. Msitu wetu ni wa tambarare, mkavu kuliko wenu, na majani makavu yanalia sana. Kwetu pipiti hatumtafuti kwa macho. Anatembea hatua chache, anasimama, anatembea tena, na mlio wa majani ni huo huo: kwaru kwaru, kimya, kwaru. Sengi naye, yule mnyama wa pua ndefu, anakwaruza majani lakini kwa nguvu na bila kupumzika. Ukishaweza kutofautisha hizo mbili kwa masikio, umeanza kuujua msitu. Mzee mmoja alinifundisha kwa kunifunga macho kwa leso. Nilikaa hivyo saa nzima na nikataja sawasawa milio nane kati ya kumi.

---

Mtoto wa Muheza

Gede Asubuhi, karibu sana ndugu. Hilo la leso nalichukua.

Sasa niwape lile lililonibadilisha mimi: siafu.

Ilikuwa Novemba 2019, mvua za vuli zimeshaanza, upande wa chini wa Mbomole. Nilikuwa nimekaa tangu alfajiri, nikasikia sauti kama mvua nyepesi inayodondoka kwenye majani. Mbingu ilikuwa kavu. Nikaangalia chini, nikaona majani makavu yenyewe yanachezacheza. Siafu wamejitandaza kwa upana wa chumba, wanasogea, na mbele yao kila kitu kinakimbia: mende, buibui, nyenje, panzi wadogo wanaoruka bila kujua wanaenda wapi.

Nikajivuta nyuma, suruali nikaichomeka ndani ya soksi, nikasimama. Hazikupita dakika tano akatokea ndege aitwaye alethe. Mgongo wa rangi ya kutu, kifua cheupe kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi, amejishikiza kwenye kishina kilichosimama wima, usawa wa goti kutoka ardhini. Akashuka, akadaka, akarudi palepale. Akashuka tena. Mara ya tatu alikuwa na kitu chenye miguu mirefu mdomoni, akakipiga kwenye shina mara mbili, akameza. Nilikuwa mita tatu kutoka kwake na hakunijali hata kidogo. Baada yake akaja mwingine mkubwa kidogo, tumbo lote la rangi ya kutu na mkia mwekundu, kisha shore wawili wa kijani, kisha vitu vidogo nyuma ambavyo sikuwahi kuvitambua kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

Watu wengi wanadhani hawa ndege wanakula siafu. Chakula chao hasa ni wale wadudu wanaokimbia siafu. Jeshi linafukua, wao wanaokota. Kwa hiyo ukikuta mstari mwembamba wa siafu unakata njia, usiuruke ukaendelea na safari. Ufuate kwa macho, uangalie unakoelekea. Mstari ni barabara tu. Unachotafuta ni mahali wanapotawanyika, na hapo ndipo karamu ilipo. Simama pembeni, kamwe si mbele yao, na kila dakika angalia miguu yako.

Siku ile nilikaa na lile jeshi mpaka saa nne na nusu. Nimeshahudhuria harusi nyingi, sijawahi kufurahi vile.

---

Mama Iliki

Wanangu, nimesoma nikaona niseme na mimi. Sisi tumekulia kule juu. Baba yangu alilima iliki ndani ya msitu, enzi zile kila mtu alilima. Miti mikubwa ilibaki, tulifyeka ya chini tu ili iliki ipate nafasi. Mtu akipita akiangalia juu alisema msitu upo. Lakini nakumbuka nikiwa msichana mdogo, ukienda kuchuma iliki kwenye shamba jipya, ndege wa chini walikuwepo mwanzoni, wale wa kuimba gizani kabla hakujapambazuka. Miaka miwili mitatu, wakanyamaza. Shamba la zamani lilikuwa kimya kabisa asubuhi. Hatukuona kama ni jambo. Tulikuwa tunatafuta ada ya shule. Ninyi mnaowatafuta kwa darubini, mimi nawakumbuka kwa sauti, na ninawaombea.

---

Mtoto wa Muheza

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, na nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Mama amesema jambo ambalo watafiti walilifuata kwa miaka mingi. William Newmark alianza mwaka 1987 kukamata ndege wa chini ya msitu huko Usambara kwa nyavu laini, anawavisha pete mguuni, anawaachia, kisha anawakamata tena miaka inayofuata. Mwaka 1991 alichapisha matokeo ya Usambara Mashariki: vipande vidogo vya msitu vilivyokatwa na kutengwa vilikuwa vimepoteza aina nyingi za hawa ndege wa chini. Sababu mojawapo ni kitu ambacho ukisimama Kwamkoro unakiona kwa macho yako. Upande mmoja msitu, katikati chai, ng'ambo msitu tena. Wewe unavuka hiyo chai kwa dakika chache. Ndege wa gizani hathubutu. Hajawahi kuwa kwenye jua kali na uwazi namna ile, hakuna pa kujificha. Basi waliobaki kwenye kipande kidogo wakipungua, hakuna wa kuja kujaza nafasi zao.

Kwa hiyo nawaomba, mkiwa Amani mkaona vijana wanafyeka vichaka vya chini "kusafisha" kando ya njia ili watalii wapige picha, ongeeni nao kwa upole. Kile kichaka ndicho nyumba.

---

Fundi Redio TZ

Mkuu mimi nina njia rahisi. Pakua sauti za ndege kwenye simu, wapigie kwa spika ndogo ya blutuzi, wanakuja wenyewe mpaka miguuni. Nimeona waongozaji wanafanya hivyo.

---

Mtoto wa Muheza

Fundi, najua inafanya kazi, na ndiyo sababu nakataa. Ndege akisikia sauti ya mwenzake kwenye eneo lake anajua amevamiwa. Anaacha kula, anaacha mayai, anakuja kupigana na spika. Ukifanya mara moja, labda si kitu. Lakini mahali panapojulikana, kila kundi linalopita linapiga, asubuhi na jioni, msimu mzima, na ni ndege yule yule mmoja mwenye gramu chache za nguvu. Sikiliza hizo sauti nyumbani, zikariri, kisha zima simu getini.

Kama unataka njia rahisi, nakupa mbili zisizomdhuru mtu.

Moja ni mramba wa msituni, yule mweusi mwenye mkia usiochanika sana. Yeye huonekana, anakaa wazi na anapiga kelele. Mara nyingi anaongozana na kundi la ndege mchanganyiko, anadaka wadudu wanaofurushwa na wenzake, na akiona hatari anapiga ukelele wote wanasikia. Kwa hiyo ukimsikia mramba ndani ya msitu, acha kumwangalia yeye, shusha macho chini yake. Hapo ndipo shore wadogo na batisi wanapopita, na wanapita haraka, kama dakika nne kundi lote limekwisha.

Nyingine ni maji. Kuanzia saa kumi jioni, kaa kando ya kidimbwi kidogo cha kijito, mahali maji yanapofika kifundo cha mguu na kuna matawi yaliyoinama. Ndege ambao asubuhi walikukwepa wanakuja kuoga. Anashuka, anajitumbukiza mara mbili tatu, anapanda tawini kujikung'uta, na hapo unamwona manyoya yote yamesimama. Akalati wa Sharpe, mwenye kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva na nyusi nyeupe, nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza akiwa ameloa hivyo.

---

Kibao cha Korogwe

Na yule maarufu wanaomfuata Wazungu kutoka mbali, mwenye mdomo mrefu? Naye ni wa chini?

---

Mtoto wa Muheza

Unamsema Artisornis moreaui. Jina limetokana na Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani kuanzia 1928. Ndege huyu alitangazwa kwa sayansi mwaka 1931. Ni kadogo, kijivu kijivu, mdomo mrefu kuliko unavyotarajia kwa mwili ule, mkia anauinua. Duniani anajulikana sehemu mbili tu: hapa Usambara Mashariki, na nyanda za Njesi kaskazini mwa Msumbiji, mamia ya kilomita kutoka hapa.

Si wa chini hasa. Anapenda misokotano ya mimea inayotambaa, pembezoni mwa msitu na kwenye mapengo, na anapanda nayo juu. Nimemwona mara mbili kwa miaka yote hii. Mtu akikuambia atakuonyesha kwa uhakika kesho asubuhi, mpe chai, usimpe hela.

Ukitaka kushangaa, mtafute brodibili wa Kiafrika. Kabla jua halijachomoza na tena jioni, anakaa kwenye kitawi kikavu, mita moja au mbili juu ya ardhi, mnene mnene, kifua kina michirizi, mdomo mpana. Ghafla anaruka duara dogo, anarudi kwenye kitawi kile kile, na katika lile duara unasikia mngurumo kama honi ya gari bovu la zamani. Miaka mingi nilidhani ni sauti ya koo. Kumbe ni mabawa. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba ni manyoya makubwa ya katikati ya bawa yanayotetemeka kwenye upepo. Sauti inasafiri mbali, lakini yeye hahami kitawi, kwa hiyo ukiisikia sogea hatua tatu, simama, subiri aruke tena, sogea hatua tatu. Mimi ilinichukua dakika hamsini kutembea mita sitini.

---

Msafiri wa Dar

Wakuu, mimi ndiye niliyeandika "msitu mtupu". Nimesoma uzi wote nikaona niende tena. Nimerudi jana usiku.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kijito kama ulivyosema, saa kumi na moja na nusu alfajiri niko pale. Nilisinzia kidogo. Niliposhtuka, kulikuwa na ndege mbele yangu, karibu kuliko nilivyowahi kuwa karibu na ndege yeyote asiye kuku. Sikupiga picha, niliogopa hata kumeza mate. Naandika nilichoona, mniambie ni nani: kijani juu, chini kama njano iliyopakwa kwa kidole, si yote, michirizi tu. Mdomo mrefu kiasi, mwembamba. Alikuwa anapanda shina kwa kulizunguka, anachokoa chini ya magome. Na kuna kitu alikuwa anakifanya, sijui kama kina maana: kila baada ya muda mfupi alikuwa anafunua bawa, moja, analifunga. Halafu la pili. Hakufunua yote mawili kwa pamoja hata mara moja.

---

Mtoto wa Muheza

Bawa moja moja! Mkuu, hiyo ndiyo sahihi yake. Huyo ni shore mwenye michirizi ya njano, Phyllastrephus flavostriatus, na hilo la bawa ndilo linalomtenganisha na shore wengine wote wa kijani wanaotusumbua sisi. Mimi nilimjua kwa kuambiwa, wewe umelikamata mwenyewe bila kitabu.

Alikuwa peke yake, au ulisikia mramba?

---

Msafiri wa Dar

Kulikuwa na mweusi anapiga kelele juu yangu muda wote. Nilikuwa namwombea anyamaze.

---

Mtoto wa Muheza

Basi walikuwepo na wengine. Mwezi ujao nipo Sigi, kwenye lango la hifadhi, Jumamosi mbili za mwanzo. Njoo, tukae kijito kile kile.